Rejeta ya Noah yangu, birika la nyumbani na mafundi wa Kizota

Nyota nne kwa mafundi wa kuosha rejeta wa Kizota, hapa Dodoma. Ya tano nimeibakiza mfukoni na mtajua kwa nini, ila nianze kwa kusema sikutaka kuandika siku ile ile gari ilipotoka maana siku ya kwanza kila mtu anasifia fundi, gari imeoshwa, inanukia sabuni, unaona kama umenunua mpya. Nimesubiri wiki tano. Nimeenda nayo mnadani, nimeenda nayo Iringa na kurudi, nimekaa nayo kwenye foleni jua la saa nane mchana, ndo nakaa chini sasa naandika.

Gari yangu ni Noah old model, ile ambayo injini ipo chini ya siti za mbele. Wanaoijua wanajua, injini ikipata joto taarifa ya kwanza hupati kwenye dashibodi, unaipata makalioni. Mimi nauza nguo za mitumba, Jumamosi Msalato mnadani na siku nyingine Kibaigwa au popote penye watu, kwahiyo hii Noah inabeba marobota, inabeba meza, inabeba na wenzangu wawili watatu wanaochangia mafuta. Sio gari ya kupelekea watoto shule tu.

Sasa mwezi wa sita nilikuwa naenda Iringa kwa dada yangu. Tumepita Mtera vizuri kabisa, tumenunua samaki pale bwawani, tumeanza kupanda Nyang'oro, na kama hujawahi kupanda Nyang'oro na gari iliyojaa nakushauri uanze na gari ya mwenzio. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda kuliko sisi. Nikaona umepita nusu, nikajipa moyo, ukakaribia ile H ya joto la hatari, siti ikawa kama jiko, nikatafuta pa kuegesha. Hapo hapo akatokea konda wa fuso iliyosimama mbele yangu, kijana mzuri tu ana nia njema, ana kitambaa mkononi anataka kufungua mfuniko wa rejeta aongeze maji. Nikapiga kelele weee acha! Maana nilishamwona mtu Kibaigwa aliyeungua uso na kifua kwa style hiyo hiyo, yale maji yakiwa yamefungiwa yanapita nyuzi 100 bila kutoka mvuke kwa sababu yamebanwa na presha, ukifungua tu presha inaisha na sehemu yake inageuka mvuke kwa mpigo, yanakurukia usoni. Tukakaa karibu saa nzima, ndo tukafungua pole pole, na maji niliyoweka ni ya dumu yaliyotekwa kule kule Mtera, yana tope lake la kutosha. Mnaweza kuanza kuona kosa lilipo.

Kwahiyo niliporudi Dodoma nikapeleka gereji moja mjini, jina silitaji, nisije nikaambiwa nawaharibia watu biashara. Pale kitu cha kwanza walichofanya ni kung'oa themostati, kile kizibo kinachofunga na kufungua njia ya maji ya kupoza injini, na kuitupa, eti huku kwetu kuna joto, themostati ni ya nchi za baridi. Nikaamini, si wao ndo mafundi. Wiki ya pili nikaanza kuona mafuta yananyweka kama gari ina wageni, na asubuhi inachukua nusu saa injini ndo ipate joto la kawaida, na mlimani bado inachemsha vile vile. Nikarudi. Safari hii wakasema kuna mahali inavuja kidogo, wakaniwekea binzari ndani ya rejeta. Ndio, binzari, ile ya pilau. Ikaacha kuvuja siku nne. Nikarudi tena, sasa wakaniambia gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, yaani mwili wa injini) imekufa, injini ishuke, niandae laki 6. Nikawaambia nitarudi, nikatoka pale nalia kwa ndani.

Aliyenielekeza Kizota ni jirani yangu hapa Nkuhungu, dereva wa basi mstaafu. Kaniambia maneno machache tu, mama usishushe injini kabla rejeta haijaoshwa na mtu anayejua kuosha. Nikajiuliza kuosha rejeta ni kazi ya kumtafuta mtu anayejua? Si unaweka mpira wa maji unasukuma? Kumbe.

Nimefika pale saa mbili asubuhi, kuna mwembe, kuna benchi, kuna Noah na Hiace kama sita zimepanga foleni. Fundi mkuu ni mzee wa makamo, Mgogo wa huku huku, nikamtolea salamu yao, Mbukwenyi yangu ya kujifunzia, akacheka akaitikia, akaniuliza gari inasumbua nini. Nikaanza kumwaga hadithi yote, akanikatisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Mama, birika lako nyumbani likoje kwa ndani?"

Nikamwambia lina ukoko mweupe kama la kila mtu Dodoma. Akasema na unaweka maji gani kwenye gari? Nikajibu ya bomba. Akatikisa kichwa tu.

Hii naomba nikae nayo kidogo maana ndo kiini cha mambo yote, na wenyeji wa hapa tunaiona kila siku na hatuifikirii. Maji yetu sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, yamekaa ardhini kwenye mawe, yamebeba chokaa na chumvi zake. Ukiyachemsha, ile chokaa haibaki kwenye maji, inajitoa na kuganda penye joto. Ndo ule ukoko wa kwenye birika na ndo unaoua hita za kuogea. Sasa injini ni birika linalochemka kutwa nzima, na kila ukiongeza lita moja ya bomba kufidia iliyopotea umeongeza na chokaa nyingine. Inaganda wapi? Penye joto zaidi, kuzunguka silinda kule ndani ya bloku, halafu kwenye vile virija vyembamba vya rejeta ambavyo upana wake kwa ndani haufiki hata unene wa kijiti cha kiberiti. Ukoko ukiwa mwembamba tu unatosha kuzuia joto lisitoke, kama vile birika lenye ukoko linavyochelewa kuchemsha. Halafu bloku ya injini yangu ni ya chuma, kwahiyo maji matupu bila kulanti, ile dawa ya rangi ya kuweka kwenye rejeta, yanaitia kutu, kutu inabanduka inasafiri mpaka kwenye rejeta inakutana na chokaa na tope la Mtera na binzari ya pilau. Mzee alivyofungua mfuniko (gari imepoa, alikataa kabisa kugusa mpaka saa tatu na nusu) akaingiza kidole akakitoa kimepakaa kitu kama uji wa ulezi uliolala.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakukimbilia kuosha. Kwanza walipima kama gasketi ni nzima kweli. Wana kichupa fulani cha plastiki kina maji ya bluu, wanakipachika pale kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka, wananyonya ile hewa ipite kwenye yale maji. Kama moshi wa injini unavuja kuingia kwenye maji ya rejeta yale ya bluu yanageuka njano. Nilisimama pale kama nasubiri matokeo ya mtihani. Dakika zikapita yamebaki bluu vile vile. Mzee akasema gasketi yako haina tatizo. Laki 6 yangu ikarudi mfukoni nikaisikia kabisa ikirudi.

Halafu kijana wake akachukua ile bunduki ya kupima joto, unaelekeza tu inasoma, akapima rejeta kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kushoto ilisoma 86, katikati 70 na kitu, kona ya chini kulia 49. Akanielewesha kwamba pale penye 49 maji hayapiti, pamekufa, ndo maana panabaki poa, yaani rejeta yangu robo nzima ilikuwa pambo. Mfuniko nao wakaupima kwa kipampu cha mkono, haukushika presha, unaachia mapema. Na hili la mfuniko nilikuwa nalidharau sana, kumbe kwa sisi wa Dodoma lina uzito wake kwa sababu tupo juu kama mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Dar ndo yanafika 100. Mfuniko mzima unabana presha mpaka maji yanavumilia nyuzi 110 na zaidi bila kuchemka. Mfuniko mbovu wa elfu 15 unakuchemshia gari ya milioni 10.

Kazi yenyewe sasa. Walifungua koki ya chini maji yote yakatoka kwenye beseni, wakayakagua. Nikauliza mnatafuta nini, kijana akasema mafuta. Kwenye gari za otomatiki oili ya gia boksi nayo inapita kwenye kijumba chake ndani ya rejeta ili ipoe, pakitoboka mle inachanganyika na maji inakuwa kama maziwa ya strobeli, na ukiiona hiyo rejeta haioshwi tena, inatupwa, tena unaomba Mungu gia boksi iwe haijanywa maji. Yangu yalikuwa ya kahawia tu. Kahawia mbaya, ila kahawia.

Wakaweka dawa yao na maji masafi, wakafungua hita ya ndani mpaka mwisho kwenye joto, hii ni lazima kwa sababu hita nayo ina kirejeta chake kidogo na usipoifungua uchafu wake unabaki mle mle unakuja kuziba ulichoosha, na Noah ina hita ya nyuma pia kwahiyo mipira yake ni mirefu kama safari ya Manyoni. Wakawasha injini ikae kama dakika ishirini. Ikapoa. Wakamwaga. Jamani. Yale maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku, na vipande vyeupe vinaelea kama maganda ya yai. Wakaweka dawa mara ya pili, ikatoka rangi ya karoti. Halafu ndo wakafanya kile ambacho gereji ya kwanza hawakufanya, wakafungua mpira wa juu na wa chini wakaingiza maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, presha ya kawaida tu ya bomba na upepo kidogo kidogo. Uchafu ulioingia kwa juu umejibana kwenye mdomo wa virija, ukiusukuma kwa njia ile ile uliyoingilia unaukandamiza zaidi. Ukiusukuma kinyume unarudi ulikotoka. Bloku nayo wakaifungua kile kiboliti chake cha kumwagia, kilikuwa kimeshika kutu mpaka mzee alikuja mwenyewe na spana ndefu, na kilivyotoka maji hayakutoka, mpaka wakachokonoa na waya ndo likaanza kuporomoka tope zito. Hapo nilipiga picha nikamtumia jirani yangu wa basi, akajibu kwa alama ya kucheka tu.

Niliwauliza pia kuhusu asidi. Maana mtaani kuna vijana wanaosha rejeta kwa maji ya betri yale makali kwa dakika tano, elfu 10 tu, inatoka inang'aa. Mzee akaniletea rejeta moja kutoka kwenye lundo la vyuma chakavu akaniambia iangalie kwenye jua. Ina vitobo vidogo vidogo kama chujio la chai. Rejeta za zamani zilikuwa shaba, zilikuwa zinafunguliwa juu na chini, fundi anapitisha bapa ya chuma kirija kwa kirija, anazifunga kwa risasi, zinaishi miaka. Za sasa ni aluminiamu na matanki ya plastiki yaliyobanwa na meno, na aluminiamu inaliwa na asidi kali, inaliwa na magadi soda ya kufulia pia, hata hiyo watu wanaweka. Ukoko unaondoka na virija vinaondoka nao. Dawa yao wao ni ya taratibu, ndo maana inarudiwa mara mbili tatu badala ya mara moja. Nikauliza je siki au limao? Akasema kwa chokaa inafanya kazi kweli, ni asidi laini, ila suuza mpaka iishe kabisa, na isikae mle siku mbili. Sabuni ya unga ndo alikataa kwa ukali, povu lake haliishi.

Nje ya rejeta nako kulikuwa na maajabu yake. Mbele ya rejeta kuna ile ya AC, na katikati ya hizo mbili kuna nafasi ya vidole viwili hivi. Mle walitoa vumbi lililoshikana kama blanketi, mbegu za nyasi, panzi, na karatasi ya ubuyu. Unaweza kuosha ndani kama hospitali lakini upepo kama haupiti ni bure. Walipuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, mashine ya kuoshea magari wameikataza, ile presha inalaza vile vibati vyembamba vinafunga njia ya upepo kabisa. Nilikuwa nailenga pale pale kila Jumapili mimi mwenyewe, nikijiona msafi.

Themostati wakaweka mpya. Nikawaambia nilishaambiwa haihitajiki huku, mzee akasema mama, kazi yake ni kufunga njia ya maji injini ipate joto haraka halafu ifungue, injini isiyo na themostati inabaki baridi, kompyuta inadhani ndo kwanza imewashwa inazidi kumwaga petroli. Nikakumbuka vituo vya mafuta nilivyotajirisha.

Kwenye kulanti wamenielimisha ila pia hapo ndo wamenikwangua. Elimu ni hii: rangi sio kipimo, kuna ya kijani, nyekundu, pinki, bluu, kila kampuni inapaka inavyotaka, cha kuangalia ni aina yake iliyoandikwa kwenye kopo, na usichanganye mbili usizozijua, nyingine zikikutana zinaganda kama mlenda na umerudi ulikotoka. Ukinunua ile nzito unaichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, ukinunua iliyochanganywa tayari unamimina hivyo hivyo. Kama umekwama njiani weka maji yoyote ufike, ila ukifika mwaga. Nikamuuliza hayo maji yaliyosafishwa napata wapi, akasema dukani ulizia maji ya kuongezea betri lakini sema vizuri kwa mdomo wako, ya kuongezea, sio ya kuwekea betri mpya, maana ya kuwekea mpya ndo asidi yenyewe na kuna wauza duka wanakupa lolote lililo karibu. Hata ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa kuliko ya bomba.

Na kitu kimoja ambacho sijakiona gereji nyingine yoyote hapa mjini, maji machafu yote waliyakusanya kwenye dumu lenye mfuniko. Nikadhani wanayauza. Kumbe kulanti ni sumu na ni tamu, mnyama akikuta kidimbwi chake anakunywa, na Dodoma hii mbuzi wanapita gereji kama wateja. Mzee anasema mwaka fulani alipoteza mbwa wake mwenyewe pale pale uani, ndo tangu hapo.

Kutoa hewa ndo kulikula muda kuliko nilivyodhani. Walipachika chupa iliyokatwa kitako kwenye mdomo wa rejeta, wakamimina, wakainua gari mbele kidogo, injini inawaka, mapovu yanatoka bluku bluku, wanaminya mipira, wanaongeza, mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili na hita ikatoa joto la kweli. Hewa ikibaki kwenye kona ya injini pale hapapoi hata rejeta iwe mpya. Wakapima tena na bunduki: 85, 82, na ile kona iliyokuwa 49 ikasoma 74. Haikufika sawa na wenzake. Mzee hakunificha, akasema virija vingine vimeshakufa havifufuki, na akaongeza neno ambalo sikulipenda lakini namshukuru alilisema siku ile ile na sio baadaye, kwamba uchafu mwingine ndo ulikuwa plasta, tukishautoa rejeta inaweza kuanza kuvuja mahali ambapo ilikuwa imeshachoka. Nikatia saini moyoni.

Gharama, maana najua mmeruka aya zote mje hapa. Kazi ya kuosha elfu 70. Dawa makopo mawili elfu 24. Themostati elfu 25, mfuniko elfu 15, kulanti galoni mbili za lita 4 elfu 56. Jumla laki 1 na 90. Risiti wametoa bila kuombwa. Ila ile kulanti, nembo ile ile na kopo lile lile, duka la spea nyuma ya soko la Majengo ni elfu 22 galoni, wao wameniuzia 28. Elfu 12 sio hela ya kugombania baada ya kuokoa laki 6, ila mngesema tu, ningeenda kununua mwenyewe wakati nakaa pale bila kazi.

Na nimekaa haswa. Waliniambia mama saa saba unaondoka. Nimeondoka saa kumi na moja na nusu jioni. Najua injini lazima ipoe kila raundi, hilo silaumu, wakilazimisha maji ya baridi kwenye injini ya moto hedi inapinda, lakini semeni ukweli asubuhi mtu apange siku yake, nilikuwa na mteja wa robota Area D nimempoteza. Choo kipo kimoja, mlango wake unafungwa kwa kamba unayoishika mwenyewe ukiwa ndani. Mama ntilie wa pale jirani wali maharage wake ni mtamu, hapo sina neno. Na kuna kijana mmoja mwenye fulana ya Yanga alinijibu "dada tutaongea na shemeji akija" nilipouliza kuhusu koki ya bloku. Shemeji gani? Gari nimenunua mimi kwa marobota yangu. Mzee alimsikia akamwambia mjibu mama, akanijibu, tena vizuri, ila hiyo ndo nyota ya tano ilipokwenda, pamoja na ile kamba ya chooni.

Baada ya hapo? Wiki ya tatu nimepanda Nyang'oro tena, makusudi nimebeba watu watano na mahindi gunia mbili. Mshale umekaa chini kidogo ya nusu kama umegandishwa na gundi. Siti ya joto la kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kisaikolojia kufungua hita kwa nguvu zote na vioo chini, ile mbinu mzee alinifundisha ya dharura, hita inachukua joto la injini inaliingiza ndani kwenu, mnaoka nyie injini inapona, mpaka mpate pa kusimama. Haikuhitajika. Mafuta pia, ile safari ya Msalato ya kila wiki naiona tofauti yake kwenye pochi.

Halafu wiki ya nne asubuhi nikaona tone la pinki chini ya gari. Nikainama, limetoka kwenye maungio, pale plastiki inapokutana na aluminiamu, upande wa kulia. Nikakumbuka neno la mzee. Nimerudi, wameangalia bila kunichaji chochote, wamesema kile kimpira cha ndani kimechoka, wanaweza kufungua yale meno wabadilishe kwa elfu 35 lakini meno ya bati yakishafunguliwa mara moja hayabani kama mwanzo na hawatoi garantii, au ninunue rejeta mpya ya Mchina laki 1 na 60 wao wafunge kwa elfu 20 na kulanti yangu ile ile waikinge irudi. Nikachomekea kwa utani, au tuweke binzari? Yule kijana wa Yanga alicheka mpaka akakaa chini, kwahiyo tumeshapatana.

Nimechagua rejeta mpya, nasubiri Jumamosi mbili za Msalato zichangamke. Kwa sasa kila usiku natandika boksi chini ya gari na asubuhi nahesabu kabla ya kunywa chai, nikiona kulanti kwenye kile kikopo cha akiba pembeni ya rejeta imeshuka naongeza kutoka kwenye kibaki cha galoni, sio bombani. Juzi yalikuwa matone matano. Leo matatu, ila usiku kulikuwa na baridi.